Mtaro mmoja, mitaa miwili: namna ya kushirikiana kabla masika hayajafika

Mimi ni fundi uashi. Nyumba yangu iko hatua 14 kutoka ukingo wa mtaro; nimezihesabu mara nyingi, hasa usiku mvua ikinyesha. Mtaro wenyewe unaanzia mtaa wa juu, unapita kwetu, kisha unamwaga Mto Msimbazi. Zamani mitaa yote miwili ilikuwa chini ya Manispaa ya Kinondoni, hapa Dar es Salaam. Mwaka 2016 Ubungo ilipomegwa ikawa manispaa inayojitegemea, mpaka ukapita juu ya mtaro wetu: wao wakaangukia Ubungo, sisi tukabaki Kinondoni. Maji yakaendelea kutujia kama kawaida, ila ukitaka kulalamika sasa unapanda daladala mbili.

Leo mitaa hiyo ina kamati moja ya mtaro, na mimi ndiye katibu. Watu wa sehemu nyingine huniuliza tulianzaje, nami kila mara naeleza nusu, halafu simu inaita, kuna mtu anataka ukuta. Basi nayaweka yote hapa. Majina ya mitaa nayaacha, maana nitasema na mabaya tuliyotendeana.

Kabla ya yote shika hili: mtaro unazibuliwa kuanzia chini kupanda juu, lakini mazungumzo yanaanzia juu kushuka chini. Ukizibua juu kwanza, tope na chupa zote zinashuka kumjaa mwenzako, nawe umemdhuru huku ukidhani umefanya usafi. Na ukianza kuzungumza na wa chini, utapata kikao kizuri cha watu wenye hasira wanaokubaliana wenyewe kwa wenyewe. Maji yanatoka kwa wa juu. Hao ndio wa kufuatwa, tena kwa adabu, kwa sababu mvua haiwaumizi kama inavyotuumiza sisi.

Sisi hatukuanza hivyo. Masika moja, usiku, vijana wa kwetu walijaza mchanga kwenye viroba wakaziba mdomo wa kalavati, lile bomba kubwa la kupitisha maji chini ya barabara, pale mpakani. Nyumba zetu zikapona kwa muda kama wa saa moja. Maji yakarudi nyuma, yakaingia vyumba vya wapangaji wa mtaa wa juu, magodoro yakaelea. Wakashuka na fimbo. Wakati watu wanashikana mashati, viroba vikaachia vyote kwa mkupuo, na maji yaliyokuwa yamejikusanya yakatushukia yote. Ukuta mmoja ukaanguka. Niliujenga mimi, kwa hiyo nina kila sababu ya kukwambia: usizibe mtaro. Utaahirisha maji kidogo, kisha yatakuja na riba.

Tembeeni mtaro wote, pamoja, kwa miguu

Wiki mbili baada ya lile vurugu nilipanda kwa mwenyekiti wa mtaa wa juu. Sikwenda na barua wala na wajumbe. Nilikwenda saa kumi na moja jioni, nikampa shikamoo yake ingawa tumelingana umri, nikamwambia: "Mzee, naomba Jumamosi tutembee mtaro, wewe na mimi, kutoka mtoni mpaka kwako." Sikutaja viroba, wala yeye hakutaja. Alikubali kwa sababu sikumwomba hela.

Nendeni watu sita au saba, si zaidi. Wawili kutoka kila mtaa, fundi mmoja anayejua levo, mzee mmoja anayekumbuka maji yalikuwa yanapita wapi kabla ya nyumba, na mwanafunzi mmoja wa sekondari mwenye mwandiko mzuri. Beba daftari, futi ya mita 30, na mpira wa levo, ule mpira mwembamba unaoonyesha maji. Ukiweza, chapisha ramani. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, ulituma wanafunzi wa vyuo na wakazi kuchora mitaa ya Dar es Salaam inayofurika, nyumba na mitaro yake, na kazi hiyo imo kwenye OpenStreetMap ambako mtu yeyote anaichukua bure. Duka la steshenari la pale jirani walituchapia karatasi kubwa, na mwenyekiti wa juu alifurahi kuona nyumba yake.

Anzeni mtoni mkipanda. Kila hatua 20 simameni, andikeni upana, kina, unene wa tope, na kila bomba linaloingia mtaroni. Bomba la maji ya kuoshea vyombo liandike. Bomba la choo liandike pia, ila mwenye nyumba akiwa amesimama mlangoni usilisomee kwa sauti.

Sasa kuhusu levo, maana ndiyo iliyotupatanisha. Jaza maji mpira wako, hakikisha hauna povu hata moja ndani, kisha watu wawili washike ncha mbili kwenye vigingi viwili. Maji yakitulia, usawa wake ni mmoja kote. Kila mtu apime kutoka usawa huo hadi sakafu ya mtaro upande wake. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo mwinuko. Kwa uzoefu wangu, mtaro wa zege unaoshuka sentimita 1 kila mita 2 unajisukumia mchanga wenyewe. Ukiwa bapa kuliko hapo mchanga unatulia, nyasi zinaota, na chupa inakuja kukaa juu ya nyasi.

Miaka yote sisi tulikuwa tunasema wa juu wanatupa taka, nao wanasema wa chini ni wavivu wa kuzibua. Tulipofika kalavati la mpakani nikapima, nikarudia, nikampa mpira mwenyekiti wa juu apime mwenyewe. Sakafu ya mtaro upande wetu, tulio chini, ilikuwa juu kuliko ya kwao kwa sentimita 11. Vipande viwili vilijengwa miaka tofauti, na wakandarasi tofauti, kila mmoja akianza upande wake, wakakutana pale bila kuulizana. Maji yalikuwa yanagonga kizingiti kila siku. Mwenyekiti wa juu alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Kumbe tumepigana kwa ajili ya sentimita 11."

Hapo hapo pimeni na makalavati. La kwao lilikuwa la sentimita 90, letu la 60. Mtu anaona tofauti ndogo, anadhani la 60 litabeba theluthi mbili ya maji ya lile kubwa. Siyo. Kwa mteremko uleule bomba la 60 likijaa linabeba karibu theluthi moja tu. Maji mengine yanatafuta njia, na njia ya kwanza ni mlango wa mtu.

Kikao cha kwanza

Msikutane ofisi ya mtaa wa juu wala ya mtaa wa chini. Sisi tuliazima darasa la shule ya msingi, Jumapili mchana. Wenyeviti wote wawili wawepo, na maafisa watendaji wa mitaa, kwa sababu muhuri wanao wao. Wajumbe waje, lakini msiwaache wakae kwa makundi. Kwetu walikaa wa juu kulia, wa chini kushoto, kama harusini. Tukawachanganya kwa kisingizio cha feni.

Swali litakalokuja la kwanza nalijua: "Sisi maji hayakai kwetu. Tuchangie nini?" Kijana mmoja wa juu aliliuliza. Kabla sijafungua mdomo, mama mmoja wa kwetu anayeuza vitumbua akasimama: "Mwanangu, maji yenu hayakai kwenu, sawa. Na mnapotapisha vyoo usiku wa mvua, kile kinachotoka kinakaa wapi? Kinakaa kwenye jiko langu. Na asubuhi unakuja kununua vitumbua." Darasa zima likanyamaza. Kutapisha vyoo, kwa asiyejua, ni kutoboa shimo la choo lililojaa mvua ikianza, ili maji yachukue uchafu bila kulipia gari la kunyonya. Ni kosa kisheria, na ndiyo njia ya mkato ya kipindupindu kuhama mtaa.

Usitegemee aibu peke yake, hata hivyo. Tafuta wa juu wanapoteza nini. Kwetu ilikuwa barabara: daladala zao zote zinapita kwetu, tukifurika wanatembea kwa miguu hadi kituoni, na bodaboda anapandisha bei mara tatu. Ilikuwa pia kwamba sisi tukiziba, maji yanawarudia, na walishaonja. Na wao walikuwa na ombi ambalo hatukulitarajia: mifugo. Nguruwe wa jirani yetu mmoja walikuwa wanapanda mtaro mpaka bustani zao za mchicha. Tukaliandika.

Hati ya makubaliano

Andikeni. Kurasa mbili zinatosha, kwa Kiswahili cha kawaida, na kila mtaa ubaki na nakala yenye mihuri yote miwili. Hati siyo ya kupelekana mahakamani. Ni ya kumsomea mwenyekiti mpya baada ya uchaguzi. Uchaguzi wa serikali za mitaa ukipita, kama ule wa Novemba 2024, unaweza kubaki na viongozi wasiojua lolote.

Mgawanyo wa gharama ndio utakaowala muda. Nusu kwa nusu inasikika kama haki, lakini mtaa wao una nyumba nyingi na kipande kifupi cha mtaro, sisi nyumba chache na kipande kirefu. Tulibishana vikao vitatu. Mwishowe tukasema: nguvu kazi kwa urefu wa mtaro, kila mtaa unatoa watu kulingana na mita zake, fedha kwa idadi ya nyumba zinazomwaga maji mtaroni, kila nyumba kiasi kilekile, iwe juu au chini. Pale kwenye kalavati la mpakani, mita 10 kila upande, ni pa wote, na hapo hakuna anayesema "siyo kwetu". Hicho kipande cha pamoja msikisahau. Mpakani ndipo takataka hupenda kukaa, kwa kuwa ni pa watu wawili na hakuna anayepafagia.

Fedha ziwe kwenye akaunti ya kikundi ya simu inayohitaji idhini ya watu wa mitaa yote miwili kabla haijatoa. Mweka hazina atoke juu kama katibu anatoka chini. Mapato na matumizi bandikeni ukutani kila mwisho wa mwezi, hata kama mwezi huo mlinunua chepe moja. Kwetu kuna aliyesoma karatasi ya ukutani akagundua toroli imeandikwa mara mbili. Lilikuwa kosa la kuandika, kosa langu, na tangu siku hiyo watu wanachanga bila kuguna, kwa sababu waliona karatasi inasomwa.

Ongezeni na haya: nani anafungua stoo ya vifaa, faini ya kutapisha choo, na marufuku ya kuchimba mchanga ukingoni. Mchanga una wenyewe wanaoupenda, hasa baada ya mvua. Ukichimbwa leo, kingo zinaporomoka kesho.

Kazi ambazo si zenu

Mtaro wa mtaani mnaweza kuzibua wenyewe. Kuubomoa na kuujenga upya, hapana. Barabara za mitaa na mitaro yake ni za TARURA, wakala ulioanzishwa 2017. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, na kalavati lililo chini ya barabara yao msiliguse hata kwa sururu. Mto ni habari nyingine tena: kuna Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, kuna NEMC, baraza la taifa la mazingira, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Msipanue mto kwa kijiko cha kukodi, ile mashine ya kuchimbia, kwa sababu diwani kasema sawa.

Siku ya kazi

Hapa Dar masika ni Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu kabla mvua hazijaanza. Katibu asikilize, abandike. Sisi tunazibua Jumamosi mbili za Februari na moja ya Septemba.

Kodi kenta, lori dogo la kuzolea tope, kwanza, ndipo uite watu. Nalisema kwa uchungu. Mara ya kwanza watu 90 walitoka, tukatoa tope hadi saa sita, tukalipanga vizuri ukingoni, tukapigwa picha. Gari la kuzoa tuliloahidiwa halikuja siku hiyo wala wiki ile. Mvua ya kwanza ikalirudisha tope lote mtaroni kama lilivyokuwa, na watu 90 wakawa 30 mwezi uliofuata. Siku hizi kenta ikiwa haijaegeshwa, hakuna anayeshika chepe. Tope likikauka siku moja linakuwa jepesi kubeba, basi tunatoa Jumamosi na kupakia Jumapili asubuhi, na kijana mmoja analala nalo asije mtu akalisukumia ndani.

Gambuti na glavu ni lazima. Mtaroni kuna chupa zilizovunjika, wembe na pampasi, na mkojo wa panya nao una maradhi yake. Aliyejikata asafishwe kwa maji na sabuni, aende zahanati kuuliza habari ya pepopunda siku hiyohiyo. Watoto wasiingie. Kina mama wa mitaa yote miwili wapike sufuria moja. Uji wa pamoja umetusogeza kuliko hotuba zangu.

Kuna watakaopendekeza kuweka chujio la nondo mdomoni mwa kalavati. Ni wazo zuri lenye hatari. Chujio lisilosafishwa ni ukuta, na litafurisha wa juu kama vile viroba vyetu. Mkiliweka, liwe limelala kwa mshazari ili taka zipande juu yake, nafasi kati ya nondo na nondo iwe ya kupitisha ngumi, na awepo mtu mwenye jina, anayelipwa, wa kulisafisha mvua ikianza. Kama hamna fedha ya kumlipa, msiliweke.

Ile sentimita 11 tuliiondoa baadaye, kwa kibali na mbele ya mhandisi. Siku mbili za patasi na nyundo, mifuko minne ya saruji.

Simu ya mvua

Msimbazi unatoka vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, mkoa mwingine kabisa, kabla haujafika Jangwani na kumwaga baharini pale Daraja la Selander. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa anaanika nguo Magomeni huku mto unapanda. Desemba 2011, mafuriko yaliyoua watu zaidi ya 40 na kuwapeleka wengine kuishi Mabwepande, wengi wa mabondeni walijua maji yanakuja walipoyakanyaga. Nilikuwa juu ya bati siku ile. Sikutaka tena kuambiwa na miguu.

Kwa mtaro mdogo, mtaa wa juu unaona maji mapema kuliko wa chini, na hizo dakika zinatosha kupandisha unga, vyeti na watoto juu ya kitanda. Tumechora mistari mitatu kwenye nguzo ya daraja dogo la juu. Maji yakifika wa kwanza, mlinzi wa zamu anapiga simu kwa watu wawili wa chini. Wa pili, filimbi zinaanza. Wa tatu, watu wanahama kwenda shuleni na tunapiga 114 kwa Zimamoto na Uokoaji. Apige simu, asiandike ujumbe; saa nane usiku hakuna anayesoma ujumbe. Kundi la WhatsApp tunalo, na sheria yake ni moja: hakuna salamu za asubuhi.

Mistari hiyo msichore kwa rangi nyekundu. Sisi tulichora nyekundu. Kabla haijakauka, bibi mmoja alitoka amefunga kanga kifuani akilia, akidhani zimerudi zile X za mwishoni mwa 2015, nyumba za bonde la Msimbazi zilipowekewa alama za kubomolewa. Ilituchukua jioni nzima kumtuliza. Sasa ni bluu.

Barua yenye mihuri miwili

Kalavati la sentimita 60 hatukuweza kulibadilisha kwa michango. Tulikuwa tumeandika barua miaka minne, kila mtaa kwa manispaa yake, na kila ofisi ikijibu kwamba tatizo liko upande wa pili. Safari ya tano tukaandika barua moja, yenye vipimo, ramani na picha, mihuri ya mitaa miwili na saini za madiwani wawili, tukapeleka nakala sawa pande zote siku moja. Kila nakala ilitaja nyingine imepelekwa wapi, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumtupia mwenzake. Ipitisheni kwanza Kamati za Maendeleo za Kata zote mbili ili iwe na muhtasari wa kikao nyuma yake. Na muda ni muhimu: mwaka wa fedha wa serikali unaanza 1 Julai, na bajeti yake inaanza kupikwa miezi mingi kabla. Barua ya Aprili, mafuriko yakiwa magotini, inapata pole. Ya Oktoba inapata mstari kwenye bajeti.

Msiache kufuatilia miradi mikubwa pia. Mto Ng'ombe ulijengewa kingo chini ya DMDP, mradi wa kuendeleza jiji la Dar es Salaam, na kwa Bonde la Msimbazi Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 mwaka 2022. Wataalamu wa miradi hiyo wakija mtaani, wapeni daftari lenu la vipimo. Sisi tuliwapa nakala, wakakaa nalo kivulini kwa mama vitumbua karibu saa nzima, wakiuliza maswali.

Kalavati jipya limeshawekwa, la sentimita 90. Baada ya uchaguzi mtaa wa juu umepata mwenyekiti mwingine, kijana, mwenye shughuli zake Kariakoo. Kabla hajaitisha kikao chake cha kwanza nilimpigia, nikamwomba Jumamosi moja. Alikuja na viatu vya ngozi vinavyong'aa. Mtangulizi wake, yule mzee wa sentimita 11, ndiye aliyemletea gambuti, akamshikisha ncha ya mpira wa levo, akamwambia ashuke.